Gari la Taka Mfukoni

Jumatatu, 16 Januari 2006

Mama mkwe kapiga simu kutoka kijijini kwake Yunlin. Kauliza kama Niuniu analala siku hizi. Nikasema analala vizuri sana. Papo hapo Niuniu akaangua kilio cha kupasua bati. Mama mkwe akasema ndiyo, anausikia huo usingizi.

Halafu akalitoa la moyoni. Tukienda kwake kula Mwaka Mpya wa jadi mwisho wa mwezi huu, Niuniu abaki. Mimi naamka alfajiri kukaanga chapati za mayai za kuuza, mtoto kando yangu ndani ya boksi. Mume wangu A-Te yuko kiwandani mpaka jioni. Mtoto ana miezi tisa na halali, sote tumekuwa kama mizimu. Huko kwake kuna hewa, kuna kuku, kuna karanga. Atarudi kwetu Sanchong akianza shule.

Akianza shule!

Nikasema, ah, mama, siku hizi anabadilika, ungemwona! Akasema vizuri, atakuja kumwona, Jumatano ya wiki ijayo. Akimkuta analala, hatalisema tena hilo jambo. Akimkuta analia, nifungashe nguo zake.

Lakini mimi si mjinga. Nimechunguza. Niuniu halali kwa maziwa, halali kwa nyimbo, halali kwa A-Te kucheza kama dubu. Analala kwa kitu kimoja tu: gari la taka. Likiingia kichochoroni na wimbo wake wa kuwaita watu walete taka, saa moja na nusu jioni, namfunga mgongoni kwa mbeleko, nachukua mifuko, nashuka ghorofa nne, natupa, napanda ghorofa nne. Nikifika mlangoni kashalala. Kila siku! Isipokuwa Jumatano na Jumapili, gari halipiti. Siku hizo halali yeye, hatulali sisi, halali Bibi Liao wa ghorofa ya chini yetu.

A-Te anasema labda ni ngazi. Ngazi! Ngazi zina muziki gani?

Ni wimbo. Basi wimbo huo ninaunasa, nauweka mfukoni, napiga nikitaka. Nimelala na tabasamu. Sijalala, lakini tabasamu lilikuwepo.

Jumatano, 18 Januari

Hakuna gari. A-Te kajaribu kuliimba kwa mdomo, na honi akaweka. Bibi Liao kagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Nikasikiliza vizuri: alikuwa anagonga kwa mapigo ya wimbo uleule. Kumbe naye umemkaa kichwani.

Wifi Mei-yueh, dada yake A-Te, kaja na kicheza muziki chake cheupe shingoni, kinaning'inia kama hirizi. Mumewe kamletea kutoka Japani. Niuniu akakinyonya. Wifi akapiga kelele, mwondoe mtoto wako, wifi, hicho si pipi! Nikauliza, kinarekodi? Akasema kirekodi cha nini, ni cha nyimbo. Moyoni nikafurahi. Changu kitarekodi.

Akasema mwanawe Hao-hao analala kama gunia la mchele. Hao-hao yuko kwa mama mkwe tangu akiwa kichanga. Nikamuuliza mara ya mwisho kumwona ni lini. Akasema sikukuu ya mwezi mpevu, Septemba. Mtoto alijificha nyuma ya miguu ya bibi yake, akamwamkia mama yake mzazi: shangazi. Wifi alicheka akisimulia. Kisha akaanza kutafuta sukari ya kutia kwenye chai yake, na chai nilikuwa bado sijampa.

Nimemshika Niuniu jioni nzima. Alie tu. Anayelia kwangu ni wangu.

Alhamisi, 19 Januari

Kwenye karamu ya kufunga mwaka kiwandani kwao, A-Te alishinda bahati nasibu: hita ya umeme. Kubwa, nzuri, haijatoka kwenye boksi. Nimeipakia kwenye pikipiki katikati ya miguu, Niuniu mgongoni, mpaka kwenye maduka ya elektroniki karibu na stesheni. A-Te nitamwambia kwa wakati wake.

Muuzaji kijana, nywele za manjano, maneno mengi. Akaniuliza, dada, unapenda kusikiliza nini? Nikasema gari la taka. Akauliza ni bendi ya wapi.

Akaniwekea mbele vitatu. Cha kwanza cheupe, chembamba kama ubani wa kutafuna, hakina kioo. Kinacheza tu, hakirekodi. Cha wifi kabisa! Nikakisukuma kando kwa kidole kimoja. Cha pili kina kioo cha rangi na picha ya maporomoko ya maji. Kinarekodi, lakini betri yake imo tumboni, ikichoka unakichomeka kwenye kompyuta. Sisi kompyuta tunaisikia kwa watu. Cha tatu cha bluu, kinene kama kiberiti cha gesi. Kina kitufe chekundu cha kurekodi. Kina spika yake ndogo. Kinakula betri moja ya kawaida, ile ya rimoti. Na kina kitufe cha kurudia: unakionyesha anza hapa, ishia hapa, nacho kitazunguka hapohapo mpaka uchoke.

Nikauliza mengi. Bila kanda, wimbo unakaa wapi? Akasema kwenye kijipande kidogo mle ndani. Nikauliza zikijaa nyimbo, kinakuwa kizito zaidi? Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akakipima mkononi, akachukua kingine akapima. Akasema, dada, kwa kweli sijui.

Nikarekodi kilio cha Niuniu kujaribu. Tukakisikiliza. Niuniu akanyamaza kumsikia huyo mtoto mwingine, akamtazama muuzaji kwa lawama.

Nikachukua cha bluu. Kijana akasema hicho ni cha kizamani. Nikasema hata mimi. Hita imeenda.

Ijumaa, 20 Januari

Nimerekodi! Mtoto mgongoni, mifuko mkono huu, kimashine mkono huu. Nimerudi nikasikiliza kwa hamu. Mifuko inachakacha. Kandambili zangu, pwa, pwa, pwa. Mimi nahema. Mimi nasema twende mama, twende, hiyo ngazi ya mwisho, haya tumefika. Bibi Liao ananiuliza kama nimechanganya tena mifupa na maganda. Na wimbo kwa mbali sana, kama uko ndani ya beseni la jirani.

Niuniu aliegemeza shavu kwenye kimashine akatulia, akapepesa macho polepole. Nikafuta yote. Sauti yangu mbaya, na wimbo hausikiki.

Jumamosi, 21 Januari

Mpango mpya. Spika ya gari iko juu. Nikafunga kimashine kwenye ncha ya ufagio kwa mipira ya nywele, nikakiwasha, nikauinua ufagio mpaka usawa wa spika. Uzuri wa sauti!

Yule bwana wa gari akaona mwanamke anamnyooshea ufagio. Watu wote wako kwenye usafi wa Mwaka Mpya, vitu vya kila aina vinatupwa. Akaupokea kwa adabu, akasema asante shangazi, akautia kwenye taka.

Shangazi! Na kimashine changu kinaelekea kwenye meno ya gari!

Nikapiga ukelele. Gari likasimamishwa, meno yakarudi nyuma, bwana yule akaingiza mkono mpaka kwapani. Kikatoka kinanuka samaki na machungwa, taa yake bado nyekundu. Bado kinarekodi, kijogoo changu! Kichochoro kizima kinatazama. Bibi Liao akauliza kulikoni. Nikamwambia nilikuwa namfukuza buibui.

Lakini wimbo umeingia, safi kama maji, mwanzo mpaka ukelele wangu. Nimekionyesha: anza hapa, ishia kabla ya ukelele. Kinazunguka. Nimekaa jikoni nikalisikiliza gari la taka mpaka uji ukaungua.

Jumapili, 22 Januari

Siku ya kwanza ya majaribio. Hedifoni: Niuniu kazitafuna. Spika yake ndogo: sauti ya mbu. Niuniu alimtafuta huyo mbu kila mahali, akawa macho zaidi kuliko kawaida. Inatakiwa sauti kubwa. Tena ninajua iliko: mashine ya karaoke ya A-Te, ile anayoimbia. Ina tundu la waya pembeni.

A-Te anasema baridi kali inakuja, hita iko wapi? Nikasema nimeiazimisha. Kwa nani? Dukani.

Amevaa koti. Kisha akanisaidia kutafuta waya. Ni mume mzuri.

Jumatano, 25 Januari

Makubwa!

Mama mkwe kafika mchana na vitunguu saumu, kabichi na karanga za watu kumi. Kauliza mbona nyumba baridi, na ile hita aliyosimuliwa na A-Te? Nikamfunika blanketi. Niuniu alilia mchana kutwa. Mama mkwe aliangalia tu kabati la nguo za mtoto, kama mtu anayepima kama zitaenea kwenye begi.

Saa moja na nusu. Nimeshakaanga samaki, dirisha nimelifungua moshi utoke. Niuniu kwenye godoro lake. Nikachomeka waya. Nikabonyeza.

Nilisahau kwamba A-Te akiimba huimbia mpaka watu wa Kaohsiung, mwisho wa kisiwa, na sauti kaiacha juu kabisa.

Vikombe vikacheza mezani. Niuniu akatoa macho kama taa. Mama mkwe akarusha blanketi, akasema, gari hilo! Akakamata mfuko wa mifupa ya samaki, huyo nje! Yeye ambaye magoti yake yamekufa, alishuka kama mbuzi. Nikazima. Nimechelewa. Milango inafunguka, ghorofa ya tatu, ya pili, jengo la ng'ambo. Nikachungulia dirishani. Kichochoro chote kimetoka na mifuko. Mmoja ana godoro. Wawili wamebeba kochi.

Nikamfunga Niuniu mgongoni nikakimbilia chini kumrudisha mama mkwe. Nimkute wapi? Wa kwanza kwenye foleni, kakanyaga imara, hampishi mtu.

Huyu anasema limekata kona. Yule anasema hapana, linarudi kinyumenyume. Bibi Liao, ndoo ya makombo mkononi, akauliza, jamani, leo si Jumatano? Nikafa. Halafu mwenye godoro akasema karibu na Mwaka Mpya si huwa wanaongeza siku? Ee, kweli, wanaongeza! Wote wakakubali, wakasogea vizuri kwenye foleni. Tukasubiri. Na mimi nikasubiri, ningesema nini? Wenye kochi wakalikalia. Bibi Liao akapiga simu kuuliza, akaambiwa hakuna gari leo. Akasema usinitanie kijana, mtaa mzima tumelisikia! Mimi nilikuwa nachezacheza mguu huu, mguu huu, nikijifanya naangalia kona.

Mama mkwe alikuwa anawaeleza watu bei ya vitunguu saumu. Akageuka kunishirikisha. Akainama juu ya bega langu.

Niuniu kalala. Mdomo wazi, mate kwenye kola yangu. Katika baridi ile, kelele zile, mbele ya kochi la watu. Mama mkwe akainua mkono wake mdogo, akauachia. Ukaanguka kama tambi.

Akaniuliza taratibu, tangu saa ngapi? Nikasema tangu wimbo, mama. Akasema wimbo gani, hapa pana wimbo? Akapita nyuma yangu, akagusa fundo la mbeleko, akalikaza. Akasema mgongo wake yeye umeishia kwenye kulima vitunguu. Hao-hao alimwacha alie mpaka akachoka mwenyewe, ndivyo alivyojifunza kulala. Huyu ana pa kulala. Mwache alale hapo.

Nikauliza, hapo wapi, mama? Akasema, wewe A-Chun, mpaka uchorewe? Hapo! Akanipiga kofi la mgongo, pembeni kidogo ya mtoto. Haendi popote.

Nikalia kidogo. Nikasema ni harufu ya ndoo ya Bibi Liao.

Kimashine kimefanya kazi! Nilijua!

Jumamosi, 28 Januari. Yunlin, mkesha wa Mwaka Mpya

Tumekula samaki, sinia la karanga limemalizwa, mama mkwe kagawa bahasha nyekundu za pesa. Wifi yupo, kasimuliwa yote na mama yake. Kamfunga Hao-hao mgongoni tangu mchana, mzito kama jiwe la kusagia, hataki kumshusha. Mtoto bado anamwita shangazi, ila kazishika nywele zake kwa mikono miwili. Wifi anasema sikukuu ikiisha anaondoka naye. Mama mkwe akamwambia chukua na vitunguu.

Nimemnong'oneza wifi siri yangu. Si mbeleko, wifi, ni mashine. Akakitazama changu cha bluu, akakitazama chake cheupe. Nimeisubiri siku hiyo kwa hamu!

Tatizo moja tu. Jioni gari la taka la kijijini limepita, na linapiga wimbo mwingine! Niuniu kashtuka, kalia. Nikatoka naye uani, mgongoni, kimashine kwenye mfuko wa aproni kinapiga wimbo wetu wa Sanchong. Nikazunguka banda la kuku, twende mama, twende, hao kuku, haya tumefika. Kalala fofofo.

Naandika nimesimama, daftari juu ya friza, mguu huu, mguu huu. Nimeshaamua. Inatakiwa mashine yenye nafasi zaidi, iingie wimbo wa huku na wa kule, na magari ya wilaya zote kwa tahadhari. Kiwandani kwa A-Te nimesikia mwenzake alishinda feni.

Sasa hivi nimekitoa mfukoni nikipongeze. Kioo cheusi. Betri imekufa, tena nakumbuka, sauti ilikuwa inakoroma tangu tuko mezani.

Na mtoto kalala! Imezimika na bado inafanya kazi. Ya wifi inaweza hivyo?