Humusi ya Kuwania Kiti cha Masjala

Jumatatu, 6 Mei

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Mkuu wetu wa masjala anastaafu Ijumaa. Miaka kumi na minane nimepanga mafaili chini yake huku nikikitolea macho kile kiti chenye mto. Leo Mnyoofu, mwenzangu wa meza ya pili (jina nimempa mimi, kwa kuwa hata karatasi zake hazikunjiki), kaleta humusi, ile rojo ya dengu na ufuta, aliyoitengeneza nyumbani. Meneja akachovya mkate, akafumba macho. Akauliza imekuwaje laini namna ile. Mnyoofu akajibu, kwa unyenyekevu wa kuudhi, kwamba akishachemsha dengu humenya moja moja. Meneja akasema mtu mwenye subira hiyo ndiye anayefaa kushika masjala.

Nikajikuta nikisema kwamba mimi natengeneza humusi tangu utotoni. Uongo mtupu! Meneja akafurahi. Akaagiza tulete wote wawili Ijumaa, kwenye chai ya kumuaga mkuu.

Jumanne, 7 Mei

Nimenunua dengu, zile nene za rangi ya maziwa, pamoja na ufuta, ndimu na kitunguu saumu. Mke wangu akashauri niziloweke mpaka kesho. Nikamwambia kuloweka ni kwa watu wasio na moto jikoni. Nimechemsha kwa muda wa saa tatu. Ukidondosha moja sakafuni inaruka hadi sebuleni. Mke wangu akaiokota, akaiweka mezani mbele yangu. Hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Jumatano, 8 Mei

Dengu za pili. Niliziloweka, lakini kwa nusu saa. Nikatia kijiko cha magadi ili ziive upesi. Kisha viwili vingine, kwa kuwa sina siku nyingi. Zimelainika, sikatai. Shemeji yangu alipita kusalimia, akaonja, akauliza kama ni ya kula au ya kuoshea vyombo. Mke wangu akacheka mpaka akaacha kushona. Nimelala bila kumuaga mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Dengu za tatu, zimelowekwa usiku kucha, zimeiva vizuri. Nikakaa kumenya. Nimemenya kumi na moja. Ya kumi na mbili ilinirukia jichoni. Zilizobaki nikazitia kwenye blenda na maganda yake. Ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Blenda yenyewe ni ya mke wangu, zawadi ya dada yake!

Nikamalizia kwa mwiko. Imetoka uji wenye changarawe. Nimeujaza kwenye kopo jeupe na kubandika lebo: jina, tarehe, kilichomo. Sisi watu wa masjala hata chumvi tunaipa lebo. Ni saa nne usiku na macho hayafunguki. Kiti kinanitoka hivi hivi.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi mke wangu akaniuliza kama nimeionja. Nikasema sina muda. Macho yake yalikuwa mekundu; nikajua ni mambo ya blenda, nikatoka haraka.

Kwenye jokofu la ofisi nikakuta kopo la Mnyoofu. Jeupe, sawasawa na langu. Nikatazama huku na huku, nikabandua lebo zote mbili, nikazibadilisha. Aibu niliisikia, lakini ilipita.

Wakati wa chai, meneja akaonja "yangu". Akasema ni nzuri. Nikavimba kichwa! Akaonja "ya Mnyoofu". Akachovya tena, na tena, akafuta kopo kwa kidole. Mkuu anayestaafu akasema angejua kuna humusi kama ile asingekubali kustaafu. Mnyoofu akaonja, akakunja uso, akanitazama. Kisha akawashukuru wote kwa upole. Kiti akapewa palepale.

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu kaniuliza wenzangu waliipokeaje. Kumbe juzi, nikiwa nakoroma kwenye kiti, aliumwaga uji wangu. Alikuwa ameloweka dengu zake tangu Jumatano, akijua nitaharibu. Akazimenya zote, moja moja, kwa vidole vilivyochomwachomwa na sindano ya cherehani, akaziponda kwenye kinu, akalijaza kopo langu. Alitaka nikipate kile kiti.

Alikuwa amebakiza bakuli moja. Tumekula wawili, na mkate wa moto. Laini, ndimu inasikika kwa mbali, mafuta yanateleza juu. Sijala kitu kitamu hivi maishani. Nilitaka kulia, nilitaka kumweleza yote. Nikamwambia waliipenda mno. Hilo si uongo.

Lakini Mnyoofu! Alijua fika kwamba si yake, akanyamaza! Mtu mzima, anapokea sifa za jasho la mke wa mwenzake bila haya! Masjala haiwezi kuachiwa mdanganyifu. Jumatatu asubuhi nitampelekea meneja malalamiko rasmi, nakala mbili. Ushahidi ninao wa kutosha. Nimeandika kurasa nne, hatua kwa hatua, nikieleza jinsi nilivyozibadilisha lebo kwa mikono yangu mwenyewe.