Ombi la Kuibiwa

Kwa Mkuu wa Utafiti wa Waathiriwa wa Uhalifu,
Nakuru.

Mheshimiwa,

KUH: KUBAGULIWA NA WEZI

Pole na kazi. Mimi ni mama mwenye duka la chakula cha kuku hapa Bahati. Watu wako walipita kwenye safu yetu ya maduka wakiuliza nani ameibiwa. Wote wameibiwa isipokuwa mimi, na jambo hilo limenivunjia heshima. Malalamishi yangu ni haya:

1. Msichana wenu, Natalie, alikaa kwa kinyozi Mathenge, aliyeibiwa kioo kikubwa chenye ufa pembeni, mpaka chai yao ikapoa. Kwangu aliuliza swali moja tu, akafunga tableti yake na kwenda zake. Na mandazi nilikuwa nimeshakaanga!

2. Tangu siku hiyo majirani wananong'ona kwamba mimi na wezi ni kitu kimoja. Cheruto wa hoteli, aliyeibiwa mtungi wa gesi, hanunui tena kwangu. Juzi kwenye maombi ya kina mama tuliombea wezi watubu, na kila aliyesema amina alifungua jicho moja akanitazama. Niliumia, mkuu. Nililia njia nzima. Lisemwalo lipo, walisema wahenga, lakini hili halipo kabisa.

3. Nimejaribu kujitetea. Niliacha duka bila kufuli na redio yangu nzuri nikaiweka nje. Asubuhi nikakuta mlango umefungwa, redio iko ndani, na Kipyegon, mlinzi wa safu yetu, akanigombeza kwamba kwangu hakuna atakayethubutu kugusa kitu. Majirani waliposikia hayo, ndipo wakazidi kunong'ona.

Kwa hivyo naomba ofisi yako inipatie mwizi, hata mwanagenzi. Aje mchana, wateja wakiwa wengi, achukue mizani ya zamani, nami nitapiga mayowe. Kisha Natalie arudi aniandike kama wenzangu.

Nisalimie wote ofisini, Natalie zaidi. Mwambie sina kinyongo, na mandazi yatakuwepo.

Ni mimi mnyonge nisiyeibiwa,
Wachuka

N.B. Mwizi huyo asiguse stoo yangu ya nyuma. Nimemwachia Kipyegon bure aweke vitu vyake, maskini, kwa sababu chumba chake ni kidogo. Imejaa mitungi ya gesi, na kuna kioo kikubwa chenye ufa pembeni. Nadhani anapanga kufungua duka la kinyozi. Ameniomba nisimwonyeshe mtu, maana anasema wezi wamezidi hapa Bahati.