Mwanaanga Asiye na Uso

Jumatatu, 10 Machi
Habari kubwa! Karakana ya vitabu vya katuni hapa Chengdu inatafuta mwanafunzi mmoja kutoka darasa letu. Mmoja tu! Kila Jumamosi atakaa na wachoraji wakigeuza hadithi za kisayansi kuwa riwaya za picha. Mwalimu Rao ametusomea hadithi ya majaribio: mwanaanga anarudi nyumbani baada ya karne tatu, anakuta mto umehama. Tuichore, tukabidhi Jumatatu ijayo. Nafasi hii nimeitamani tangu nilipokuwa nikichora roketi kwenye mvuke wa dirisha la jikoni. Na nina wazo. Uso wa mwanaanga usionekane mpaka kisanduku cha mwisho cha picha! Sitamwambia mtu. Tan Mohan, mwenzangu wa dawati, ameniuliza kofia ya mwanaanga inachorwaje. Kwa nini aulize? Kwa nini aniulize mimi?

Jumanne, 11 Machi
Mohan anachora huku amefunika karatasi kwa mkono, kama kuku aliyeatamia. Asiye na siri hafichi. (Mimi pia naficha, lakini mimi nina sababu.) Nimemweleza Bibi. Alikuwa anatoka kucheza mahjong, ule mchezo wa vigae. Akasema anayekuchekea mezani anavitaka vigae vyako. Bibi hajashinda hata mara moja mwezi huu, lakini mambo anayajua.

Jumatano, 12 Machi
Mpango: mazoezi ya kila siku ya kupumzisha macho. Muziki ukianza kwenye kipaza sauti, shule nzima hufumba macho na kusugua vipaji vya uso. Hakuna wakati bora wa upelelezi! Nikafumbua jicho moja, la upande wa Mohan. Mkono wake haukuwa juu ya karatasi. Nikaona kofia ya mwanaanga. Ndani ya kofia, hakuna uso! Nikafumbua na la pili. Sikumwona mkaguzi wa darasa la juu, yule mwenye utepe mwekundu begani. "We dada, macho!" Darasa zima likafumbua kuona ni nani. Akatuandika wote. Tumekatwa alama, bendera ya usafi na nidhamu imehamia darasa la jirani. Mwalimu Rao ameamuru nifagie uani kila asubuhi hadi Jumatatu. Xu wa dawati la nyuma ananiita Askari Jicho Moja. Wote walicheka isipokuwa Mohan. Anajua kwamba najua.

Ijumaa, 14 Machi
Kurasa zimekamilika. Nzuri, nasema kweli. Kisanduku cha daraja lisilo na mto chini yake kilinitoa machozi mimi mwenyewe. Nizifiche wapi? Kwenye mkoba? Mohan anaufahamu. Nyumbani? Rasimu yangu ya kwanza Bibi aliitemea maganda ya mbegu za alizeti. Nimewaza sana. Mwizi hapekui kwake! Nimezisukuma ndani kabisa ya dawati la Mohan, nyuma ya atlasi asiyoifungua kamwe. Jina sikuandika. Jina humwelekeza mwizi. Jumatatu nitazitoa kabla ya kengele.

Jumatatu, 17 Machi
Nilisahau zamu yangu ya kufagia! Miti yetu hupukutisha majani Machi, ukifagia huku yanaanguka kule. Kurudi darasani, kiongozi wa safu alikuwa amekwisha kukusanya kazi. Kiongozi wa safu yetu ni nani? Mohan! Nikatia mkono nyuma ya atlasi. Patupu. Nikakimbia ofisi ya walimu, nikaingia bila hata kusema "Ripoti!" mlangoni kama ilivyo desturi, nikapaza sauti kwamba Tan Mohan ni mwizi. Walimu wote wakatua vikombe vyao vya chai. Mohan alikuwa amesimama pale pale, na rundo la kazi mkononi.

Mwalimu Rao akazitandaza. Kurasa zangu zilikuwa na jina langu, Qu Wanning, kwa mwandiko wa Mohan. Alieleza kwamba alizikuta dawatini kwake, akazitambua mara moja. "Ningning, mikono ya watu unaowachora siku zote ni kama miiko." Walimu wakacheka. Kisha nikaziona zake. Kofia haikuwa na uso kwa sababu nyuso zinamshinda. Nayo kofia ilifanana na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Akasema taratibu, "Ndiyo maana nilifunika, mwenzangu. Ungenicheka." Ningecheka. Nimemwomba radhi mbele ya wote. Lakini jina langu amejifunza lini kuliandika vizuri hivyo?

Ijumaa, 21 Machi
NIMECHAGULIWA! Bibi amenipikia tambi za pilipili mpaka tukalia wote wawili. Mohan kanirushia peremende ya karanga. "Hongera, mpelelezi!" Nimeinusa kwanza. Ni tamu.

Jumamosi, 22 Machi
Karakana! Inanukia wino na chai. Lakini utaratibu wao unatia shaka. Mmoja anachora kwa penseli, kisha anampa karatasi aliye kulia kwake apake wino, naye anampa mwingine aandike maneno kwenye viputo vya mazungumzo. Unampa! Kwa mkono wako mwenyewe! Bi Lian, mkuu wao, anasema kitabu cha picha hakitoki kwa mkono mmoja. Kulia kwangu amekaa msichana wa shule nyingine, Gu Tingyun. Anatabasamu mno. Nikachora kwa penseli nyepesi, nyepesi kabisa, asione cha kuiba. Akainama, akaigeuza karatasi kwenye mwanga, akauliza kwa adabu, "Dada, hapa kuna kitu?" Nikamjibu kipo. Akapaka wino alichodhani amekiona. Mwanaanga wangu amerudi na miguu mitatu, na mto unamtoka sikioni!

Bi Lian hakucheka. Amesema asiyeweza kumwachia jirani karatasi yake hana kiti hapa, na kwamba ananipa Jumamosi moja tu nibadilike. Nimeahidi, tena kwa moyo wote. Kiti hiki sikiachi.

Lakini miguu mitatu? Hiyo ni hujuma, na hujuma nazijua. Jumamosi ijayo sitachora kitu. Tuone wataiba nini.