Baba wa Kukodi

Habibu alikuwa mtu wa mipango. Kazi hakuwa nayo, lakini mipango haikumwishia, na asubuhi ile, akipita mbele ya zahanati moja ya Area D, mpango mpya ulimjia hata kabla hajanywa chai.

Foleni ya dawa za kila mwezi, za presha na sukari, ilianzia dirishani ikazunguka ukuta. Lakini kila alipotokea mzee, watu walimpisha, yeye pamoja na aliyemsindikiza.

"Kumbe," Habibu alijiambia, "ninachokosa ni mzee tu."

Haukupita muda akawa na kadi nne za kliniki mfukoni. Wenyewe walikuwa wakubwa wa maofisini, watu wasiopenda kuonekana wamepanga foleni. Habibu aliwanong'oneza kwamba ana mtu wake ndani, nao wakamlipa mapema.

Kisha akamkuta mzee kwenye benchi la nje, ameshika fimbo, kofia imemfunika nusu ya uso. Habibu alimhurumia, kwa namna mtu anavyomhurumia kuku wa sikukuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Habibu. Twende dirishani nikusaidie, babu. Ila wakiuliza, mimi ni mwanao."

Mzee alifikiri. "Mwanangu huwa ananiita baba."

"Sawa, baba."

Foleni ikawapisha. Dirishani alikaa nesi Evarista.

"Mzee Bartolomayo! Leo umekuja na mtu?"

"Na mwanangu, Habibu."

"Bartolomayo akamzaa Habibu?"

"Mama yake Mwislamu wa Kondoa," mzee alijibu bila kupepesa macho. "Kwenye majina alinishinda."

Habibu alivutiwa. Kipaji kama hiki, aliwaza, kimekaa bure kwenye benchi! Akasogeza zile kadi nne. "Na hizi ni za ndugu zangu, sista. Wako kazini."

Evarista alizirudisha bila kuzifungua. "Waje wenyewe wapimwe presha, ndipo wapewe. Ila wewe nimekusubiri sana. Baba yako alichanganya vidonge akaanguka. Daktari amekataa apewe tena mpaka aje ndugu wa kumsimamia. Ulikuwa wapi?"

Habibu alifungua mdomo. Nyuma yake foleni nzima ilisogea karibu ili isipitwe na jibu.

"Ana shughuli nyingi," mzee alisema kwa unyonge. "Msimlaumu."

Hapo ndipo walipomlaumu.

"Shati limepigwa pasi, baba yake anaanguka peke yake!" alisema mama mmoja.

"Watoto wa siku hizi, bora ufuge mbuzi," akadakia mwingine.

Habibu, ambaye aliwahi kumuuzia mtu kiwanja katikati ya makaburi bila kuona haya, aliona haya. Alilipia dawa kwa fedha za wakubwa. Kisha akakaririshwa, kwa sauti, kidonge kipi cha asubuhi na kipi cha jioni.

Walipotoka nje akafoka. "Mzee, umenitapeli!"

"Baba hafokewi." Mzee alifungua pakiti, akameza kidonge. "Wanangu nimewazika, Habibu. Wiki nzima nimekaa hapa nikitafuta kijana mwenye uso wa kusema uongo vizuri. Wewe nilikuona tangu ng'ambo ya barabara."

Habibu alitaka kukasirika, akashindwa. Katika maisha yake yote ya utapeli, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa na mtu anayeijua kazi.

"Jioni ni kile cheupe," alijikuta akisema. "Nitapita kuhakikisha umekimeza."

"Pita, mwanangu. Lakini kabla hujaondoka..." Mzee alielekeza fimbo kwenye benchi, ambapo wazee wawili walikuwa tayari wanasimama, mmoja akijifunga kanga vizuri. "Yule ni baba yako mdogo, Elisha. Na yule ni shangazi yako, Debora. Nao hawana mtu."

Habibu alitazama barabara. Ilikuwa wazi kabisa, na miguu yake ilikuwa mizima.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba, mwanetu!" wakaitikia kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi.

Walipofika dirishani, Evarista aliwatazama wale wazee, akamtazama Habibu, akachukua kalamu.

"Ukoo wenu," alisema, "una presha kweli."