Mlango Unaotazama Fizikia

Jumatatu, 6 Januari
Balaa! Ofisi ya elimu imebadilisha mipaka ya shule. Mpaka mpya unapita juu ya mtaa wetu kama kamba ya nguo, na kanuni ni hii: mtoto atasoma shule ya upande unaotazamwa na mlango wa mbele wa nyumba yao. Wetu unatazama bondeni. Binti yangu anaanza sekondari, na shule ya bondeni haina fizikia. Ina useremala! Nami nimeshawatangazia wenzangu kazini kwamba nyumbani namlea daktari wa upasuaji.

Habari aliileta shemeji, kaka wa mke wangu, tunayepakana naye ukuta kwa ukuta. Mlango wake unatazama mlimani, kwenye shule yenye maabara, na mwanawe anasoma huko. Alinipa pole, meno yote nje. Chai ikanishinda.

Binti kasema bondeni panamfaa tu. Maskini, mshtuko huo.

Jumanne, 7 Januari
Jibu limenijia bafuni, sabuni machoni. Kama mlango ndio unaoamua, basi mlango uhame! Mke wangu akauliza utahamia wapi. Nikamwambia upande wa mlimani tuna ukuta mmoja tu, wa chumba chetu cha kulala. Akanitazama, akarudi kumenya vitunguu. Nimechukulia kwamba amekubali.

Alhamisi, 9 Januari
Fundi kaja. Kang'oa mlango wa mbele, kaziba nafasi yake kwa matofali, katoboa ukuta wa chumbani. Safi kabisa! Kisha akaaga, anafuata mbao mara moja. Jioni ikaingia, kimya. Nikaenda kumtafuta. Nikamkuta kwa jirani wa pembeni, anatoboa ukuta! Kumbe mtaa mzima umeniiga. Wezi wa mawazo. Fundi kasema nivumilie, foleni ni ndefu.

Ijumaa, 10 Januari
Nyumba haina mlango. Ina tundu, na mbele ya tundu kuna kitanda chetu. Wapita njia wananijulia hali nikiwa ndani ya shuka. Kuku wa shemeji kalala upande wangu. Na leo mama mkwe kaja kututembelea. Njia ni hiyo hiyo moja, akaingia mimi nafunga taulo. Alipitiliza hadi jikoni, mkoba usoni. Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 11 Januari
Mlango umesimama! Ni kazi ya binti. Kaazima randa na patasi, kapima, kachonga hapa, katia kipande pale, kafunga bawaba. Sasa unafungwa kwa kidole kimoja. Nikamsifu kwa dhati: hiyo ndiyo mikono ya daktari wa upasuaji! Akaweka randa chini. Akasema polepole, kama anayefundisha chekechea, kwamba hataki upasuaji, anataka useremala, na alipopangiwa bondeni alifurahi kuliko siku zote. Machozi yalimlengalenga. Nikamwambia akale, hiyo ni njaa.

Jumatano, 15 Januari
Ofisa wa elimu kaja kukagua. Kaingia kwa mlango mpya, kakanyaga ndara zangu, kauliza kama hapa ndipo sebuleni. Nikamjibu kwamba sisi hupenda kupokea wageni tukiwa tumelala. Akaandika: mlimani. Ushindi! Nikampigia shemeji saluti dirishani. Binti kajifungia jikoni na hataki kuniona.

Ijumaa, 17 Januari
Nimekwisha! Kwa ajili ya milango yetu, shule ya mlimani imefurika watoto, na ya bondeni imebaki na mwangwi. Basi ofisi imegeuza maabara ya mlimani kuwa madarasa. Fizikia imeshushwa bondeni, kwenye karakana. Na useremala? Umepandishwa mlimani, chini ya bati uwanjani, maana kuchonga mbao hakuhitaji bomba la maji. Shemeji naye midomo imemwanguka, mwanawe alishaipenda fizikia. Hilo limenifariji kiasi.

Binti alinikumbatia mpaka miwani ikapinda. Akasema asante, Baba. Hajanikumbatia hivyo tangu aache kubebwa mgongoni. Nilifurahi mno, nisiseme uongo. Halafu nikapata wazo.

Mlango urudi bondeni! Fundi bado ana foleni yake, lakini fundi mwingine ninaye humu humu ndani. Nikamwomba binti aung'oe mlango na kuurudisha ulipokuwa. Akafikiri. Akasema hakuna shida, Baba, ila kurudisha mlango ni kazi nzito kuliko kuufunga, lazima kwanza aisomee. Miaka minne hivi, pale mlimani.

Nimekubali hapo hapo. Akihitimu tu, anaurudisha mlango, na kesho yake namwandikisha fizikia. Shemeji hajui kinachomjia.