Kaburi la Babu Dena na Barabara ya Chumvini

Jumatatu, 3 Juni
Ramani imebandikwa leo kwenye geti la kiwanda cha zamani cha chumvi. Miaka kumi na miwili kiwanda kimelala pale ufuoni na kutu yake, sasa kinavunjwa wajenge mitaa. Zahanati, chekechea, soko, taa za barabarani! Nimeshangilia kuliko wote. Hoteli yangu ya chai iko pale pale. Kisha nikasogea, nikaitazama vizuri. Barabara kuu inapita nyuma yangu. Nyuma! Mgeni atakayekuja kuiona Chumvini mpya atakaribishwa na choo changu. Na mlango wa nani unaitazama barabara? Wa Mwanamina, muuza mahamri. Amenipa pole kwa sauti laini mno.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni mali, na mimi ni tajiri. Owen, yule kijana mpimaji, alikuja kunywa chai. Nikamuuliza kiutani ni kitu gani kinaweza kuipinda barabara. Akasema mwamba mkubwa, bomba kuu la maji, au kaburi. Mwamba sina. Bomba tunalisikia kwenye kampeni tu. Lakini kaburi linatengenezeka.

Alhamisi, 6 Juni
Nimerauka. Nimelundika udongo nyuma ya choo, pale pale penye kigingi cha Owen, nikauzungushia mawe. Nimesimika na kijiti cha koma, kama tunavyowasimikia wazee wetu waliotangulia, nikakifunga kitambaa, nikammwagia marehemu tembo la mnazi kidogo. Lililobaki nimelinywa mimi, si adabu kumwacha mzee anywe peke yake. Nimempa jina Babu Dena. Mke wangu Nyevu alisimama na ndoo yake, akatazama mpaka mwisho. Akaniambia, "Mwaro, koma hawachezewi." Nikamjibu kwamba huyu si koma, huyu ni mhandisi wa barabara.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi! Owen amevua kofia mbele ya lile tuta. Amevua kofia! Ameng'oa vigingi kwa mkono wake mwenyewe na kuvihamisha. Barabara itapinda, ipite mbele ya mlango wangu, na Mwanamina abaki uchochoroni. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, haamini. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamuuliza hali ya biashara. Akasema alhamdulillahi, lakini kwa kuuma meno.

Jumanne, 11 Juni
Balaa. Shangazi Mbeyu ameshuka kutoka Ganze na wanawake kumi na saba. Habari zimefika huko kwamba mzee wa ukoo wetu amelala ufuoni na hakuwahi kuliliwa. Vilio nilivisikia kabla sijawaona. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Shangazi alitaka kujua vipi nimekaa miaka yote nikiuza chai karibu na babu yangu bila kumfanyia hanga, matanga yake ya siku tatu. Nikajaribu kusema huenda si huyo wanayemdhania. Kosa kubwa! Shangazi anamkumbuka sana. Alikuwa mrefu, mwenye pengo, hodari wa ngoma, na aliwahi kukosana na mkewe kwa sababu ya beberu. Wenzake wakaitikia, naam, ndiye. Ilipofika jioni hata mimi nilianza kumkumbuka. Nikalia kidogo, na kusema kweli nilipata nafuu.

Alhamisi, 13 Juni
Siku ya tatu wanakula. Unga umekwisha, mbaazi zimekwisha, mbuzi wawili wamekwisha, na mmoja alikuwa wa Nyevu. Nyevu hasemi nami. Mahamri yangu nayo yakaisha, ikabidi nikanunue kwa Mwanamina! Kila kapu alinipa na neno la rambirambi. Akaniuliza marehemu alikuwa akiumwa nini. Nikasema moyo. Wafiwa wameondoka leo alasiri wakisifu chai yangu, kwa hiyo hasara haipo. Hayo ni matangazo.

Jumatatu, 24 Juni
Greda limepita! Barabara imefika kwenye kaburi, ikapinda kwa heshima, ikaja moja kwa moja mpaka mlangoni pangu. Nimeketi nje kutwa nzima nikiitazama. Nimepaka hoteli rangi. Siku kama hizi mtu hazioni mara mbili.

Jumamosi, 29 Juni
Vibao vimesimikwa mtaa mzima. Zahanati kule, soko huku. Na stendi ya matatu wameiweka wapi? Mbele ya mlango wangu hasa! Nikakimbia na kitambaa nikifute kibao. Kimeandikwa KABURINI. Tangu asubuhi makanga wanaita, Kaburini mwisho, Kaburini mwisho. Watu wanashuka, wanalitazama tuta, wanaitazama sufuria yangu ya supu, kisha wanazunguka uchochoroni kwa Mwanamina. Nimeuza kikombe kimoja tu, kwa Owen, naye akakinywea ng'ambo ya barabara.

Jumapili, 30 Juni
Nimeshinda tena! Sijui akili hii naitoa wapi. Nyevu leo amefungua mdomo. Amenisihi nimwambie Shangazi ukweli, nimwombe radhi, tuusawazishe ule udongo yaishe. Mwanamke mwema, ila haoni mbali. Nimempigia Shangazi simu, nikamwambia Babu Dena amenitokea ndotoni, amekasirika, honi za magari hazimpi usingizi. Anataka kuhamishwa. Shangazi amelia kwa furaha, mzee amemchagua mjukuu wake. Anakuja Jumatano na wanawake thelathini, na safari hii watakaa siku saba. Akauliza kama mzee ametaja mahali anapopataka.

Ametaja. Chini ya dirisha la jiko la Mwanamina.