Jina la Bi Ok-bun kwa Rangi Nyekundu

Jumatatu, 4 Novemba

Jiji zima la Daegu hakuna anayechora boksi la mwani kama mimi, Pyo Dong-uk. Watu hununua mwani wasiouhitaji kwa sababu ya boksi tu! Lakini nani anapandishwa ghorofa ya juu ya kampuni? Wale wanaobuni namna mtu anavyoitumia programu ya simu: abonyeze wapi, asikwame wapi. Binti mmoja, Yeo-reum, alipanda mwaka juzi. Zamani tulikaa meza moja, tukigawana chakula cha mchana, naye akinicheka. Kiti chake bado nakipangusa kila asubuhi.

Leo tangazo! Nafasi moja huko juu. Ijumaa kila mwombaji alete skrini alizobuni za kuagizia mwani, na mzee mmoja wa kuzijaribu. Nafasi ni yangu. Nimeshachagua pa kuweka kikombe changu: dirishani, kushoto kwa Yeo-reum.

Jumanne, 5 Novemba

Skrini tayari. Urembo mtupu! Mteja akimaliza kuagiza, jina lake linachomoza katikati, kubwa, jekundu kama maboksi yangu yanayouzika. Kwa sasa pameandikwa JINA LAKO HAPA. Nusura nilie.

Tak Gyu-ho wa uhasibu naye anaomba. Mtu asiyejua hata kuoanisha soksi! Nimezichungulia skrini zake: kijivu, kama uji wa hospitali. Nikamuuliza anashinda wapi siku hizi. Eti kwenye ukumbi wa wazee, anawatazama wakibonyeza simu, yeye kimya. Nikamwambia pole sana, kaka.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango: mzee wangu wa Ijumaa ni mama mwenye nyumba wangu, Bi Ok-bun. Nimejitolea kumsaidia kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, ya msimu wa baridi. Kabichi mlima! Tukiwa tumechutama, nikamfundisha skrini zangu kwa michoro ya karatasi. Nikikohoa mara moja, abonyeze juu; mara mbili, chini. Akasema, mwanangu, kama kitu chenyewe ni rahisi, kikohozi cha nini? Wazee kwa maswali!

Vidole vinawaka pilipili. Kwenye lifti nikakutana na Yeo-reum, nikaficha mikono. Akauliza kama bado nachora yale mawimbi kwenye kona za maboksi. Anakumbuka! Mlango ukajifunga kabla sijamaliza kusema ndiyo.

Ijumaa, 8 Novemba

Sheria: mzee akijaribu, mbunifu asiseme kitu. Sikusema. Nilikohoa. Yeo-reum akaniletea maji ya moto. Mambo yakaenda! Bi Ok-bun akaandika jina lake, akabonyeza, likachomoza. OK-BUN. Kubwa. Jekundu.

Akaitua simu kama kaa la moto. "We mtoto! Jina jekundu ni la maiti! Nimekulisha, nimekufulia blanketi, leo unanitangaza marehemu mbele za watu?"

Mimi! Ambaye mama alinichapa viganja kwa kuandika jina la kaka yangu kwa kalamu nyekundu! Najua vizuri sana. Lakini JINA LAKO HAPA hana ndugu wa kulalamika.

Nafasi kapata Gyu-ho. Yeo-reum akanisindikiza hadi kwenye ngazi. Akasema taratibu, kaka Dong-uk, unachora kutushinda sote, ila mtu mwenyewe humtazami. Nenda ukakae na Bi Ok-bun saa moja tu, usiseme neno. Ukiweza, njoo tena majira ya machipuko. Akanigusa bega. Koti hili sifui.

Jumapili, 10 Novemba

Bi Ok-bun kanisamehe. Kaleta bakuli la kimchi, kwa sharti nisiandike jina lake popote tena. Nikakaa naye saa nzima, kama nilivyoagizwa. Alikuwa anahangaika na simu, anatafuta picha ya mjukuu wake aliyeko Busan. Kidole kinakwenda, kinasita, kinarudi. Huruma ikanishika, nikamnyang'anya nikamtafutia. Muda uliobaki nikamweleza jinsi nilivyo hodari wa kunyamaza. Akasinzia.

Nimefaulu! Na kosa nimeshalijua: ni ule wekundu. Majira ya machipuko jina litakuwa la dhahabu, kubwa zaidi. Kikombe nimekifunga kwenye gazeti, kisije kikavunjika siku ya kupanda juu.